Kilomita 900 Kutafuta Wimbi

Wasomaji wangu wa kila Jumapili wanajua kwamba katika nyumba yangu hapa Eldoret neno langu ndilo la mwisho, isipokuwa pale ambapo Mama Watoto ana neno jingine. Sasa mjue pia kwamba kuna mwaka ambao neno la mwisho lilikuwa la kijana wa miaka 15, nalo lilitugharimu kilomita 900 na ushei za kwenda, nyingine kama hizo za kurudi, mpira mmoja wa rejeta, na viatu vyangu vya kwendea harusini.

Mambo yalianza wakati wa Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Mnaujua mji wetu siku za Olimpiki. Mwenye televisheni hana faragha tena. Jirani anaingia bila kubisha hodi na kuuliza mbio ni saa ngapi. Na mwaka ule hatukuaibika. Beatrice Chebet alichukua dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 10,000, Faith Kipyegon akachukua ya mita 1,500 kwa mara ya tatu mfululizo, na Emmanuel Wanyonyi ya mita 800. Sebuleni kwangu watu walirukaruka mpaka kochi likavunjika mguu. Kifungua mimba wangu peke yake alikuwa ameketi pembeni na mkasi, anakata picha gazetini.

Ilikuwa picha ya Mbrazili, Gabriel Medina, amesimama hewani juu ya bahari na kidole kimoja kimeelekea mbinguni, ubao wake umesimama wima kando yake kama mbwa anayemfuata bwana wake. Michezo ilikuwa ya Paris lakini mashindano ya kuteleza juu ya mawimbi yalifanyiwa Teahupo'o, kisiwani Tahiti, katikati ya bahari ya Pasifiki. Kijana akaibandika picha ile ukutani juu ya kitanda chake. Kisha akaja kwangu.

"Baba, mimi sitaki kukimbia. Nataka kupanda wimbi."

Katika mji huu, mtoto kumwambia mzazi kwamba hataki kukimbia ni sawa na mtoto wa mvuvi kulalamika kwamba samaki ananuka. Nikasema la. Sababu niliyoitoa ilikuwa pesa. Sababu ya kweli nitawaambia mbele, maana hata yeye hakuwa anaijua.

Mama Watoto hakubishana nami. Alinikumbusha tu, akiwa ananipakulia ugali, kwamba niliwaahidi watoto hawa bahari tangu kitinda mimba yuko mgongoni, na kitinda mimba sasa alikuwa darasa la tano. Akaongeza kwamba shule zimefungwa mpaka Agosti 26. Ugali ule nilikula kimya.

Ubao tulitengenezewa na fundi seremala. Hakuwa amewahi kuona bahari, na mimi niliyemwagizia nilikuwa nimeiona mara moja tu, kazini, kutoka dirisha la ofisi. Tulimpa picha ya gazeti. Alikata plaiwudi, akaiviringa kwa mbele, akaipiga msasa na kuipaka vanishi mara tatu. Ilikuwa fupi, inafika kifuani kwa kijana, lakini ilipendeza. Gari nalo lilikaguliwa na fundi mwingine ambaye alinihakikishia kwamba naweza kwenda nalo hadi Maka.

Tuliondoka Jumamosi, Agosti 17. Siku 2 kabla ya hapo Rais alikuwa ameipa Eldoret hadhi ya jiji, kwa hiyo tuliondoka tukiwa watu wa jiji, na tuliona fahari kidogo. Bibi yao alitupa kibuyu cha mursik tuwapelekee watu wa pwani. Ubao ulifungwa juu ya keria, umefunikwa kwa shuka kuukuu ili usikwaruzwe.

Hapo ndipo yalipoanza. Tulipanda Burnt Forest na Timboroa kwenye baridi ile inayokata masikio, tukashuka Mau Summit, na kule Salgaa tuliposimama kununua mahindi ya kuchoma, mwenye jiko akatazama juu ya gari, akavua kofia. "Poleni sana," akasema. "Ni mtoto?"

Sikumwelewa mpaka Mama Watoto aliponigusa mkono. Ubao ule, kwa urefu wake na shuka lile, ulionekana kama kifuniko cha jeneza. Watoto walicheka mpaka Nakuru. Mimi sikucheka. Nilisimamisha gari mbele kidogo, nikaivua ile shuka, na ubao ukasafiri uchi tangu hapo.

Nairobi tulilala kwa shemeji. Jumapili tukashika barabara ya Mombasa, ambayo kwa asiyeijua ni kilomita 480 za kufuata matako ya lori. Unalipita moja, mbele yake lipo jingine, na jingine. Pale Athi River tulivuka daraja la mto, na kitinda mimba akauliza mto huu unakwenda wapi. Nikamwambia baharini, kama anavyojibu mzazi asiyejua. Baadaye nilikuja kutambua kwamba lile ndilo jibu la busara kuliko yote niliyotoa safari nzima.

Tulipoipita Emali mshale wa joto ulianza kupanda. Mtu wa baridi hajui kwamba gari nalo lina utoto wake. La kwetu lilikulia kwenye mvua na ukungu, na sasa linapelekwa Ukambani saa 7 mchana. Mpira wa rejeta ulipasuka kwa kishindo, mvuke ukapanda kama wa treni ya zamani. Tukasimama kando ya barabara, kijana akaleta tawi la mwiba akaliweka nyuma ya gari. Dereva mmoja wa lori, Mungu amweke, alituvuta kwa kamba mpaka Makindu.

Pale Makindu kuna hekalu la Kalasinga ambalo limekuwepo tangu mwaka 1926, wakati wa watu wa reli. Msafiri yeyote, awe wa dini gani, hupewa chakula bila kulipa na hata mahali pa kulala. Nilikuwa nimesikia habari hizo nikidhani ni hadithi za madereva. Tulivua viatu, tukajifunika vichwa, tukaketi sakafuni na watu wa mabasi, na wazee wenye vilemba wakatupakulia chapati, dengu na chai. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi wala tunafuata nini. Nilishukuru, maana kujibu "wimbi" mbele ya watu wenye heshima vile kungenitoa jasho.

Asubuhi fundi wa hapo hakuwa na mpira wa saizi yetu. Alikata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba, akaufunga ule uliopasuka kama mtu anavyofunga kidonda, akafunga waya juu yake, akasema, "Polepole utafika." Tukaenda polepole. Mtito Andei, daraja la Tsavo, tembo wekundu kwa vumbi wakiwa mbali upande wa kushoto. Tulipokaribia Voi tulisikia mlipuko ndani ya gari. Nilikanyaga breki nikidhani ni mpira tena. Kumbe ni kibuyu. Mursik iliyozoea baridi ya kwetu ilikuwa imechacha kwa joto, ikatupa kifuniko chake, na ikamwogesha kitinda mimba kuanzia utosini. Tuliingia Mombasa usiku huo wa Jumatatu, mwezi ukiwa mpevu juu ya Makupa, sisi tukinuka kama boma la ng'ombe.

Jumanne saa 4 asubuhi tulikuwa Bamburi. Kijana alishuka mbio, ubao kwapani, akapita minazi, akafika mchangani, akasimama. Alisimama muda mrefu. Bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga na majani ya baharini yametanda, akina mama wanatembea katikati yake wakiokota vitu. Mbali kabisa, kwenye upeo, kulikuwa na mstari mweupe mwembamba.

"Mwatafuta nini?" akauliza muuza madafu.

"Mawimbi."

Alicheka mpaka akaketi juu ya mkokoteni wake. "Mawimbi ni yale kule, bwana. Mwambani. Hapa mtangoja hadi mwote mvi."

Msomaji wangu wa bara, sikiliza jambo hili kabla hujamwahidi mtoto. Sehemu kubwa ya pwani yetu imezungukwa na mwamba wa matumbawe ulioko mbali kidogo na ufuko. Wimbi linalotoka bahari kuu hujipasua juu ya mwamba huo, na linalofika mchangani ni masazo tu. Ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kucheza Bamburi maji yakijaa bila kuangushwa. Kijana akauliza swali ambalo sikulitegemea: mbona kule Tahiti mwamba wa matumbawe ndio unaolipandisha wimbi, na huku unalinyima? Muuza madafu akamjibu kabla yangu. "Haulinyimi. Walila hukohuko nje. Wewe ndiye uko mbali." Kisha akatuambia, kama kweli twataka wimbi la kufika mchangani, na kusi linavyovuma sasa, twende Malindi.

Basi Jumatano tukaifuata pwani kuelekea kaskazini. Kila palipokuwa na njia ya kushukia baharini kijana alitaka tushuke. Kikambala tulishuka: mwamba. Vipingo, baada ya mashamba ya mkonge: mwamba. Daraja la Kilifi, ambalo kabla ya mwaka 1991 halikuwepo na watu walikuwa wakivuka kwa feri, lilitupa maji ya buluu yaliyotulia kama yamo kwenye sinia. Gari lilikuwa linalia, tyubu ya baiskeli inavuja, na kila kilomita 20 Mama Watoto alishuka na jagi la maji kumnywesha mgonjwa. Hatukuzungumza sana. Mimi, nikiwa mkweli, nilikuwa nimeanza kufurahi. Nilijiambia, wimbi lisipopatikana tutakula mahamri na mbaazi, tutapiga picha, tutarudi nyumbani wazima.

Tuliingia Malindi saa 9 alasiri na kuyasikia kabla ya kuyaona. Ule mvumo. Ghuba ile ni pana, mchanga ni mwingi, na maji yalikuwa yanajaa kwa nguvu maana ni siku za bamvua, mwezi mpevu ulikuwa juzi yake. Mawimbi yalikuja kwa safu, safu nyuma ya safu, mengine ya kiunoni na mengine ya kifuani, yanajikunja na kupasuka mchangani penyewe. Si ya Tahiti. Lakini kijana alipoyaona alisema neno moja tu, "Baba," na sauti yake ilikuwa ya utoto.

Kulikuwa na mzee anashona wavu chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Kusi likivuma sana wenye vyombo vidogo hawatoki. Kijana akamwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia marahaba huku akiutazama ubao. Akauomba. Akaugeuza, akaupapasa pale mbele palipoviringwa.

"Ubao wa namna hii sijauona tangu udogo wangu," akasema. "Wazungu wa bara walikuwa wakija nazo mwezi kama huu, na watoto wao. Wengine wakitoka hukohuko kwenu, Uasin Gishu. Wakazipanda kwa tumbo." Fundi wetu wa Eldoret, bila kujua, alikuwa ametengeneza kitu ambacho ghuba hii inakifahamu.

Mzee yule ndiye aliyemfundisha. Simama maji ya kiunoni. Wimbi lipe mgongo, usiliogope, na likianza kupasuka nyuma yako jirushe mbele, ubao kifuani. Kisha akamshika bega akamwonyesha mahali baina ya mawimbi ambapo maji yalikuwa yametulia, hayana povu, rangi yake imekolea kidogo. "Wageni hupapenda hapo, wakidhani ni pole. Hapo ndipo maji yanaporudia baharini. Yakikuchukua, usishindane nayo, yatakuchosha. Shika ubao wako, nenda kwa ubavu, uifuate pwani, mpaka uone povu. Povu ndilo litakalokurudisha."

Nami nilisikia maneno hayo yote. Nilisimama umbali wa hatua 5.

Kwa nusu saa kijana alianguka, akanywa maji ya chumvi, akacheka, akaanguka tena. Kisha nikaona kichwa chake kimesogea. Hakikuwa mbele yetu tena. Kilikuwa upande wa kulia, kwenye maji yale yaliyotulia, na kinazidi kuwa kidogo.

Sasa ile sababu. Mwaka 1985, nikiwa na miaka 12, ndugu yangu mdogo wa miaka 9 alikwenda kuvusha ndama mto Sosiani wakati wa mvua kubwa. Mimi nilikuwa ng'ambo. Niliona kichwa chake kikisogea vilevile, kuelekea kulia, kikizidi kuwa kidogo. Sikuingia majini, kwa kuwa sikujua kuogelea. Sijui hata leo. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuzungumzwa, na watoto wangu hawakuwa wamewahi kusikia kwamba walikuwa na baba mdogo.

Sikumbuki nikikimbia. Nakumbuka viatu vimejaa maji, wimbi la kwanza limenipiga kifuani, la pili limeniketisha, na la tatu limepita juu ya kichwa changu. Nilipigana. Nilipiga maji kwa ngumi kama mlevi. Mchanga ulikuwa unatoka chini ya miguu yangu, na nilifungua mdomo kumwita mwanangu, ukajaa bahari.

Kisha kitu kigumu kikanigonga mbavuni. Ulikuwa ubao. Na nyuma ya ubao, uso wa kijana wangu, umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

"Shika, Baba. Usipigane nayo. Shika tu."

Alikuwa amefanya kama alivyoambiwa. Alikwenda kwa ubavu, akalipata povu, povu likamrudisha, na njiani akakuta baba yake anazama mahali ambapo mtu mtulivu angesimama. Nasikitika kusema maji yale yalikuwa ya kifuani.

Mzee alitupokea mchangani. Hakusema kitu, alinipa kanga ya mtu nijifute. Kiatu kimoja kilikwenda na kusi.

Usiku ule, kwenye baraza ya gesti, nilimweleza. Mama Watoto alikuwa akijua, alimshika tu kitinda mimba na kuingia naye ndani. Nilimweleza ndama, mvua, na kile kichwa. Kijana alinyamaza kitambo. Nilidhani angeniuliza kwa nini sikuingia majini.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

Nikamtajia jina. Sikuwa nimelitamka kwa miaka mingi.

Alhamisi asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, mzee alitupeleka kwenye daraja la Sabaki, kaskazini ya mji. Alitaka kumjibu kijana swali lake la mwamba. Mto ule una rangi ya chai ya maziwa. Matumbawe, akasema, hayapendi maji ya mvua wala matope. Huota kwenye maji ya chumvi yaliyo safi. Mto unapomwaga udongo wake hapa, mwamba umekatika, na palipokatika ndipo wimbi linapopata mlango. Na mto wenyewe? Ni ule wa Athi. Unakuja toka nyanda za juu za Nairobi, unakutana na Tsavo, unaitwa Galana, na huku mwisho unaitwa Sabaki. Tulikuwa tumeuvuka siku ya Jumapili. Udongo wa bara ulikuwa umetutangulia kuja kufungua mlango.

Kijana aliutazama sana mto. "Na Sosiani je? Haufiki hapa?"

"Haufiki," nikamwambia. "Maji ya Sosiani yanafika Nzoia, Nzoia unaingia Ziwa Viktoria, na toka hapo maji yanaingia Nile mpaka Misri."

"Mbali," akasema.

"Mbali sana."

Jioni ile alilipata. Si kwa kusimama. Alijaribu kusimama mara 2 na mara zote bahari ilimkataa. Alilipata kwa tumbo, kama watoto wale wa zamani. Wimbi lilimnyakua kule lilipoanza kujikunja, likamleta, likamleta, ubao wa plaiwudi ukirukaruka, mdomo wake umefunguka lakini hakuna sauti tuliyoisikia, mpaka likamlaza mchangani miguuni pa mama yake. Nilihesabu. Sekunde 7. Mzee akapiga makofi mara moja. Kijana akaamka akarudi majini bila kututazama.

Kuna mtu alituambia kwamba Shela, kule Lamu, mawimbi ni mazuri zaidi. Mama Watoto alimtazama mtu huyo kwa jicho ambalo mimi nalijua. Ile ni njia ambayo kwa miaka mingi magari yalipita kwa msafara wa polisi, na sisi tulikuwa na gari lililofungwa kwa tyubu ya baiskeli na baba mwenye kiatu kimoja. Ijumaa tukaanza safari ya kurudi. Mpira mpya tuliupata Mombasa. Nyumbani tulifika Jumapili saa 3 usiku, na Jumatatu saa 12 asubuhi kijana alikuwa njiani kwenda shule na mchanga masikioni.

Wengi mmeuliza kwa nini siku hizi siandiki tena habari za Jumamosi asubuhi sokoni. Ni kwa sababu Jumamosi asubuhi mimi na kijana tuko kwenye kidimbwi cha hoteli moja hapa mjini, tunajifunza kuogelea. Mwalimu wetu ni binti wa miaka 22. Kijana amehamia upande wa maji marefu. Mimi bado niko kwa wadogo, nimeshika ukingo, na mwalimu anasema, "Mzee, weka uso ndani. Ndani kabisa. Hesabu hadi 7."

Juzi nilifika 5.